Kompyuta Kuukuu na Dereva Mpya



Kuna swali moja ambalo twaulizwa na watu wa kila namna: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari, na wale wenye vibanda vya kuchapa barua na kutoa nakala. Wao husema hivi: "Kompyuta yetu ni nzima. Kioo chake chang'aa, herufi zake zaandika vizuri. Lakini twaambiwa kwamba wakati wake umekwisha. Je, hatuna budi kununua nyingine?"

Swali hili si dogo. Kompyuta katika nyumba zetu ni kama cherehani au baiskeli: imenunuliwa kwa fedha iliyokusanywa kidogo kidogo, na kwa kazi yake watoto hulipiwa karo. Kumwambia mwenye nayo aitupe ni kumwambia mkulima atupe jembe lake mvua inapoanza. Basi leo tutajaribu kujibu kwa utaratibu, ili mtu asikimbilie kununua, wala asikimbilie kubadili asichokijua.

Kisa chenyewe ni hiki. Kompyuta nyingi katika miji yetu zaendeshwa na Windows 10, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo iliacha kuitengenezea kinga za usalama, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Mashine hazikuzimika siku ile. Lakini nyumba isiyotengenezwa kufuli zake, siku moja mwizi ataigundua. Na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, yadai prosesa mpya na chipu ndogo ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi. Nasi hapa Manono twajua kwamba mashine nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha tumika miaka kadhaa mahali pengine. Ndiyo maana jambo hili latugusa sisi kuliko watu wa miji mikubwa.

Yafaa kwanza tuelewe kilichozeeka ni nini. Fikirini lori. Lina injini, lina magurudumu, lina sanduku la mizigo. Lakini bila dereva haliendi popote. Katika kompyuta dereva huyo huitwa mfumo endeshi. Ni programu kuu inayoiamsha mashine, inayogawa kazi, inayotunza faili katika diski, na inayosikiliza kila kidole kinachogusa herufi. Windows ni dereva mmoja. Wako wengine. Na mwenye busara hauzi lori kwa sababu dereva ameacha kazi. Hutafuta dereva mwingine anayelijua lori lake.

Dereva tunayetaka kumzungumzia leo ni Linux, na habari yake yafaa kujulikana. Mwaka 1983 Richard Stallman, mtaalamu wa Chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza mpango wa kutengeneza mfumo mzima ambao kila mtu angekuwa na ruhusa nne: kuutumia kwa kazi yoyote, kuchunguza jinsi ulivyotengenezwa, kumgawia jirani nakala yake, na kuurekebisha kisha kuwapa wengine marekebisho hayo. Mpango huo aliuita GNU. Mwezi wa Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kwamba alikuwa akitengeneza kiini cha mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Kiini hicho kikaunganishwa na kazi ya GNU, na watu wa nchi nyingi wakaongeza kila mmoja sehemu yake, kama wanakijiji wanaojenga nyumba ya jirani kwa zamu.

Mtu asidhani kwamba hiki ni chombo cha kubahatisha kwa ajili ya maskini. Tangu mwezi wa Novemba 2017 kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zaendeshwa na Linux, zote bila kubakiza hata moja. Na wewe msomaji, ikiwa una simu ya Android mfukoni, basi kiini cha Linux wakitumia kila siku bila kukijua jina.

Mifumo hii huitwa huria. Wengi husikia "huria" wakaelewa "bure". Ni kweli kwamba aina nyingi za Linux hutolewa bila malipo, na hilo latufaa. Lakini bure ni jambo moja, na ruhusa ni jambo lingine. Nakala ya wizi ya Windows nayo hupatikana bila kulipa, na hapa petu imeenea sana. Anayeitumia hana ruhusa ya mwenye kazi. Na amri ya saba haikusema kwamba kitu kisichoshikika kwa mkono chaweza kuibiwa bila dhambi. Zaidi ya hayo, nakala hizo mara nyingi huja na virusi ndani yake. Mwenye mfumo huria hulala bila hofu ya namna hiyo: akimgawia jirani nakala, ametenda lile ambalo mtengenezaji mwenyewe amemruhusu.

Katika mwezi wa Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini alianzisha aina ya Linux iliyorahisishwa kwa watu wa kawaida, akaiita Ubuntu. Jina hilo ni la lugha za kusini, lakini sisi hatuhitaji mfasiri. Kwa Kiswahili twasema utu. Na ndugu zetu wenye kusema Kiluba husema bumuntu. Toka mwaka 2005 hata 2011 aliyeomba alitumiwa sahani za Ubuntu kwa posta bila kulipa chochote. Kutoka katika Ubuntu ikazaliwa mwaka 2006 aina nyingine iitwayo Linux Mint, ambayo sura yake yafanana na Windows: kitufe cha kuanzia kiko chini upande wa kushoto, na madirisha hufungwa kama ulivyozoea. Kwa anayeanza, hii twaiona inafaa. Yataka kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache, na 4 ni bora. Katika diski yataka nafasi ya gigabaiti 20 kwa uchache, na 100 ni bora. Wenye mashine dhaifu wachague ile iitwayo Xfce, maana ndiyo nyepesi.

Sasa tuseme juu ya safari yenyewe. Haraka haraka haina baraka, na anayehama bila kufunga mizigo huacha vyombo njiani.

Kwanza, andika katika karatasi kazi zote ambazo mashine yako hufanya. Anayeandika barua, anayepiga hesabu kwa majedwali, anayesoma habari za intaneti na kutazama picha, atapata vyote: LibreOffice kwa kazi za ofisi, Firefox kwa intaneti, VLC kwa nyimbo na sinema. Lakini mwenye programu maalumu ya hesabu za duka iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, asihame kabla ya kupata ya kuchukua nafasi yake. Kuhama si sharti la imani. Ni shauri la kazi.

Pili, nakili faili zako zote mahali pawili, kisha zifungue katika mashine nyingine, uone kwa macho yako kwamba zafunguka. Nakala isiyojaribiwa si nakala.

Tatu, tafuta faili la Linux Mint. Uzito wake ni karibu gigabaiti 3, nasi twajua bei ya intaneti hapa kwetu. Yafaa mmoja wenu anayekwenda Kalemie au Lubumbashi alichukue kutoka katika tovuti ya Linux Mint yenyewe, alete kwa flashi, na wengine wote walipate kwake. Lakini asisahau kulinganisha namba ya uhakiki iliyoandikwa pale kwenye tovuti na ile ya faili alilolipata, maana faili lililokatika njiani huleta taabu zisizoeleweka. Kisha ajue kwamba kulinakili faili hilo katika flashi kama unavyonakili picha hakutoshi. Kuna programu ndogo za kazi hiyo, kama Rufus na balenaEtcher, ambazo huliandika kwa namna itakayoiwezesha kompyuta kuamka kwa flashi. Na chochote kilichokuwamo katika flashi hiyo kitafutika.

Nne, jaribu kabla ya kusimika. Hii ndiyo hatua ambayo wenye haraka huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua njia ya kuamka. Katika mashine nyingi ni F12, katika nyingine F9, F2 au Esc. Linux itafunguka kutoka katika flashi bila kuigusa diski yako. Hapo chunguza mambo matano: je, sauti yasikika? Intaneti isiyo na waya yashika? Printa yatambuliwa? Kioo chaonyesha vizuri? Na herufi je? Hapa tusimame kidogo. Mashine zetu nyingi zina herufi zilizopangwa kwa Kifaransa, zikianza na A na Z. Usipouambia mfumo hivyo, utabonyeza A ukapata Q. Wengi wameandika neno la siri wakati wa kusimika katika mpangilio usio wao, na kesho yake mashine ikawakataa. Chagua mpangilio wa Kifaransa kwanza, ndipo uandike neno la siri.

Tano, angalia umeme. Usimikaji ukikatika katikati, mashine yaweza kubaki haina dereva wa zamani wala mpya. Mji wetu ulijengewa mwaka 2018 mtambo wa umeme wa jua wenye nguvu ya megawati moja. Hata hivyo mwenye hekima haiachii kazi hii bahati. Tumia kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, au subiri saa ambayo umeme una uhakika.

Mwisho mashine itauliza swali zito: je, iufute mfumo wa zamani pamoja na diski nzima, au iuweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani? Tuseme mzee mmoja mwenye kibanda amemwita mwana wa kaka yake amsaidie.

"Baba mdogo, mashine yauliza kama tuifute diski nzima."

"Mwanangu, jibu ndiyo, tumalize. Wateja wanangoja mlangoni."

"Baba mdogo, tukijibu ndiyo, barua zote za wateja zitakwenda, na picha za harusi ya dada pia. Ulikwisha zinakili?"

"La. Nilidhani zitabaki mahali pake."

"Basi turudi nyuma, tuzime, tunakili leo, tuendelee kesho. Wateja watakuja tena. Picha zile hazitarudi."

Kijana huyo amestahili sifa, kwa sababu alijua wapi pa kusimama, hata kama hajui kila kitu. Kwa anayeanza, kama diski ina nafasi, kuiweka mifumo miwili pamoja ni njia ya upole: kila asubuhi huchagua ya kutumia, mpaka aizoee ile mpya. Lakini hata katika njia hiyo diski hugawanywa, na kosa laweza kutokea. Kwa hiyo lile sharti la kunakili faili kwanza halina msamaha.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mwezi wa kwanza utakuwa mwepesi. Mwenye kuhama atakutana na mambo ya kumshangaza. Katika Linux programu hazitafutwi huku na huku katika tovuti zisizojulikana. Zimo katika ghala moja linalotunzwa na wenye mfumo, nawe huchagua kama sokoni. Utakapoandika amri fulani na kuombwa neno la siri, herufi zenyewe hazitaonekana kwenye kioo. Andika tu, ubonyeze kitufe cha kukubali. Barua iliyoandikwa kwa Word yaweza kufunguka katika LibreOffice mistari yake ikiwa imesogea kidogo. Kwa hiyo barua iliyokamilika itume kwa PDF, wala haitasogea tena. Chipu fulani za intaneti isiyo na waya hazishiki mpaka ziongezewe programu yake. Hapo unganisha simu yako kwa waya wa USB, nayo itaipa kompyuta intaneti ya kuichukua. Na matengenezo ya kwanza hula intaneti nyingi, basi yafanye mahali penye mtandao wa nafuu.

Faida nazo zipo. Vile virusi vya flashi ambavyo huwatesa wenye vibanda, vikificha faili za wateja na kuweka vivuli mahali pake, vimetengenezwa kwa Windows, navyo katika Linux havifanyi kazi. Lakini msijivune mkaacha uangalifu, maana hakuna nyumba isiyoweza kuibiwa kabisa. Tena Linux Mint 22, iliyotoka mwezi wa Julai 2024, imeahidiwa matengenezo mpaka mwaka 2029. Mashine iliyohukumiwa kuwa takataka hupata hivyo miaka kadhaa ya kazi.

Ninyi walimu na wanafunzi, kwenu kuna faida nyingine kubwa zaidi. Programu iliyofungwa ni kama redio iliyofungwa kwa risasi: waisikiliza, lakini huwezi kuifungua ujifunze. Iliyo huria yaweza kufunguliwa na mwanafunzi yeyote, akasoma jinsi ilivyoandikwa. Mwezi wa Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu nzima ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili katika mradi ulioitwa Kilinux, kwa msaada wa wataalamu kutoka Uswidi. Hawakumpigia magoti mtu yeyote kuomba kibali cha kuitafsiri. Kibali kilikuwamo ndani ya programu yenyewe. OpenOffice hiyo ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010. Na katika wilaya ya Karatu, Tanzania, shirika la Powering Potential lilipeleka katika shule za sekondari kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zinazoendeshwa na Linux na kutumia umeme wa jua. Jua, twalo pia.

Tukumbuke sisi ni watu gani. Kwa muda wa miaka mia hivi ardhi ya Manono imetoa bati, na bati ndilo linalounganisha vipande ndani ya kompyuta zote. Imetoa koltani, ambayo metali yake hutunza chaji katika mashine hizo. Na chini ya miguu yetu kuna lithiamu, ile inayofanya betri, katika akiba ambayo ni miongoni mwa kubwa kuliko zote duniani. Mwili wa kompyuta, basi, watoka sehemu fulani kwetu. Lakini akili ya kuiendesha twaipokea imefungwa, na ikitolewa amri ng'ambo kwamba imezeeka, nasi twaitii amri hiyo na kutupa mashine. Mfumo huria hautaturudishia madini yetu. Lakini wampa kijana wa Manono nafasi ya kuishika akili hiyo mikononi mwake, kuisoma, kuirekebisha, na kumfundisha mwenzake.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Asiye na haja ya kuhama asihame kwa kufuata mkumbo. Mwenye mashine iliyoachwa asiitupe, wala asiibe nakala. Afanye kwanza jaribio la flashi, ambalo halina hasara. Nanyi mnaosoma pamoja, fanyeni chama kidogo cha watu watano au sita katika shule au mtaa: mmoja alete faili, mmoja aandike katika daftari kila taabu iliyotokea na dawa yake, na daftari hilo lisomwe na wote. Mmoja akikwama peke yake usiku, huenda akakata tamaa. Sita wakikwama pamoja, yuko atakayekumbuka. Kidole kimoja hakivunji chawa, wasomaji wapenzi, na kompyuta moja kuukuu iliyofufuliwa kwa mikono ya watoto wa shule itawafundisha mengi kuliko mpya iliyonunuliwa ikafungiwa kabatini.